Mota ya Feni Ishtakiwe Mwisho

Septemba ikiingia, Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, huwa imekwisha kukaa miezi kadhaa bila mvua. Vumbi limejaa hewani, mchana joto linafika nyuzi 32 na kuzidi, na pale Isikizya, makao makuu ya wilaya, viyoyozi vya ofisini na vya nyumba za watumishi ambavyo tangu Mei vilikuwa vimepumzika vinaanza kufanyishwa kazi kutwa. Ndipo malalamiko yanapoanza: kiyoyozi kinawaka, lakini kinapuliza hewa ya vuguvugu. Fundi anaitwa, anachungulia yuniti ya nje, anaikuta feni imesimama, na hukumu inatoka hapo hapo kwamba mota imeungua. Fedha inatolewa, mota inatafutwa Tabora mjini, ikikosekana inaagizwa Mwanza au Dar es Salaam, inafungwa, na feni inazunguka. Miezi michache baadaye inasimama tena, na safari hii lawama wanatupiwa Wachina kwa kutengeneza mota dhaifu.

Hoja yangu ni kwamba feni kusimama si ushahidi wa mota kufa, na hata pale mota ilipokufa kweli, mara nyingi imeuawa na kitu ambacho bado kipo pale pale kikiisubiri mpya. Mwenye kiyoyozi asiyejua kutofautisha mambo haya mawili atanunua mota kila msimu wa kiangazi. Anayejua atalipia mara nyingi spea ya bei ndogo sana, na mara nyingine hatalipia spea yoyote.

Tuanze na kujua ni feni ipi inayozungumzwa, kwa sababu kiyoyozi cha kawaida cha nyumbani kina mbili. Ya ndani ni ile ndefu kama bomba iliyofichwa nyuma ya mfuniko, inayosukuma hewa baridi chumbani. Ya nje ni yenye panga, nayo kazi yake ni kulitupa joto lililotolewa chumbani. Zikisimama hazitoi dalili moja. Ya ndani ikisimama au ikizunguka kivivu, hewa haitoki, koili inagandishwa na kufunikwa na barafu, na mtu akizima kiyoyozi maji yanachuruzika ukutani. Ya nje ikisimama, hewa ya ndani inaendelea kutoka kwa nguvu ile ile, ila ubaridi unadumu dakika chache tu kisha unatoweka. Kompresa, yaani pampu inayoisukuma gesi, imeshindwa kupumua: presha imepanda, imechemka, na kinga yake ya joto imeikata. Baada ya nusu saa au zaidi inapoa, inawaka tena, na mchezo unarudiwa. Mwenye nyumba anayesema kiyoyozi chake "kinapoza kikitaka" mara nyingi anaeleza jambo hili bila kulijua.

Hapo ndipo pia gesi husingiziwa. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Gesi iliyopungua hudhoofisha ubaridi wakati wote, haileti ubaridi wa dakika kumi unaokatika na kurudi. Anayekuongezea gesi kabla hajatoka nje kutazama kama feni inazunguka amekuuzia kitu ambacho hukuhitaji, na presha ikishapanda kwa sababu ya feni iliyosimama, gesi ya ziada huzidi kuipandisha.

Kuna dalili moja ya pwani ambayo watumishi wanaohamishiwa Uyui kutoka Dar au Tanga huja nayo, na hapa inawapotosha. Kule, bomba la maji lisipodondosha, watu wanajua kiyoyozi hakipozi. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Septemba hewa yake ni kavu kiasi kwamba kiyoyozi kizima kabisa kinaweza kukaa kutwa na bomba lisilotoa ila matone machache. Kipimo kinachofaa hapa ni cha joto. Chukua kipimajoto, pima hewa inayoingia juu ya yuniti ya ndani, kisha pima inayotoka. Tofauti ikiwa nyuzi 8 hadi 12 au zaidi, mashine inafanya kazi, na shida yako huenda ni madirisha au bati lisilo na dari.

Sasa feni ya nje imesimama kweli. Kabla ya kuigusa, isikilize. Mota inayonguruma bila kuzunguka inapata umeme na inajaribu kuondoka. Mota iliyo kimya kabisa ama haipelekewi umeme, ama waya zake za ndani zimekatika, ama kinga yake ya joto imeikata. Hii ni tofauti ya kwanza na haina gharama. Ikiwa inanguruma, chukua kijiti chembamba kikavu, kipitishe kwenye wavu wa kinga pasipo kuufungua, uisukume panga polepole kuelekea upande wake wa kuzunguka. Ikishika mwendo na kuendelea yenyewe, mshukiwa wa kwanza ni kapasita. Ikisukumwa ikawa nzito, au ikazunguka kidogo na kukwama, beringi zimekufa au panga inagusa kitu. Kidole kisitumike kamwe, kwa kuwa feni iliyokwama huweza kuondoka ghafla.

Kapasita ni kile kikopo kidogo, cheusi au cheupe, kilichounganishwa na waya za mota. Mota nyingi za feni za viyoyozi visivyo vya inveta zina mizunguko miwili ya waya, na peke yake umeme wa nyumbani haujui uizungushe panga upande gani. Kapasita ndiyo inayoutanguliza umeme katika mzunguko mmoja, na tofauti hiyo ndiyo inayoipa mota msukumo wa kuanza na nguvu ya kuendelea. Thamani yake huandikwa ubavuni, kwa feni ya nje kwa kawaida kati ya maikrofaradi 2 na 6, pamoja na volti 450. Ile kubwa iliyo karibu, ya maikrofaradi 25 hadi 50, ni ya kompresa, na zisichanganywe. Mafundi wanaona sana kapasita zilizovimba au kuvuja, lakini nyingi hufa zikiwa na sura nzuri. Kilichoandikwa 3 kikipimwa kinasoma 1.8, na mota inakosa nguvu. Kwa hiyo kuitazama hakutoshi. Ipimwe kwa malitimita yenye kipimo cha kapasita, na ikipungua kwa zaidi ya asilimia tano au kumi ya kilichoandikwa, ibadilishwe kwa thamani ile ile. Kuweka kubwa zaidi "ili feni iwe na nguvu" ni kuipikia mota waya zake.

Lakini kuna jambo ambalo majirani wa Isikizya wanapaswa kulifikiria kabla ya kapasita, nalo ni umeme wenyewe. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uanze kazi mwaka 2007, nguzo zimefika mahali ambapo zamani palikuwa na vibatari, na hilo ni jema. Ila umeme unaposafiri mbali na transfoma kwenye waya mwembamba, na nyumba nyingi zikawasha kwa pamoja, volti hushuka. Nyumba ya mwisho wa laini inaweza kusoma 225 saa saba mchana na kusoma 180 saa mbili usiku. Watu huona taa zinafifia, wanavumilia, na hawafikirii zaidi. Mota haivumilii. Nguvu yake ya kuzungusha hupungua kwa mraba wa volti. Ukigawa 180 kwa 230 unapata 0.78, na ukilizidisha jibu hilo kwa lenyewe unapata 0.61. Yaani volti zimepungua kwa asilimia 22, lakini nguvu ya mota imepungua kwa karibu asilimia 40. Mota hiyo inasuasua, inachelewa kuondoka, na muda wote wa kusuasua inakula umeme mwingi unaogeuka joto ndani ya waya zake. Ukiwa na kapasita iliyochoka kidogo pamoja na volti zilizoshuka kidogo, kila kimoja peke yake kisingeisimamisha feni. Viwili vikikutana, inasimama.

Ndiyo maana saa ni shahidi mkubwa kuliko sauti, na ningependa kila mwenye kiyoyozi aandike saa kabla ya kumpigia fundi simu. Feni inayozunguka vizuri mchana na kusimama kati ya saa moja na saa nne usiku inalalamikia volti. Inayogoma saa zote lakini ikasukumwa ikaondoka inalalamikia kapasita. Inayoanza vizuri asubuhi, ikazunguka nusu saa, ikasimama ikiwa ya moto, kisha ikafufuka baada ya kupoa, inakatwa na kinga yake ya joto, na hapo utafute beringi nzito, vumbi, au waya zilizoanza kuungua. Isiyoondoka saa yoyote, haingurumi, na umeme unaifikia, hiyo ndiyo yenye haki ya kushtakiwa. Fundi anayefika saa nne asubuhi, volti zikiwa 225, hawezi kuona ugonjwa wa saa mbili usiku isipokuwa umemwambia.

Volti zikiwa ndiyo tatizo, mota mpya haitakusaidia. Pima kwenye soketi jioni mbili tatu, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi na kikiwa kimezimwa, uandike. Volti zikishuka sana pale tu unapokiwasha, waya wa nyumbani kwako ni mwembamba au umelegea kwenye breka, na hiyo ni kazi ya fundi wako wa umeme. Zikiwa chini hata kiyoyozi kikiwa kimezimwa, tatizo liko kwenye laini, na maandishi yako ya saa na volti yatakuwa na uzito TANESCO kuliko kauli ya "umeme ni mdogo". Wakati ukisubiri, stebilaiza yenye uwezo unaolingana na kiyoyozi inasaidia. Ile ndogo ya televisheni haifai. Mvua za Novemba zikianza na radi zake, chomoa plagi au zima breka, kwa kuwa radi haiangalii kama mota ni mpya.

Vumbi nalo lina sehemu yake, na Uyui lina sehemu kubwa. Linaziba mapezi ya kondensa, ile koili ya nje, joto halitoki, hewa inayopita juu ya mota inakuwa ya moto, na kapasita iliyo kwenye kisanduku hicho hicho inachemka pamoja nayo. Joto ndilo adui mkubwa wa kapasita. Vumbi likipenya kwenye beringi, grisi inageuka uji mgumu. Utalisikia jambo hilo mapema kwa sauti ya kusaga, na mtu akiizungusha panga kwa mkono, breka ikiwa imezimwa, ataona inasimama haraka badala ya kuteleza. Beringi zenyewe ni spea ya bei ndogo. Namba yake imechorwa ubavuni, mara nyingi 608 au inayokaribiana nayo. Si kila mota inafunguka, zipo zilizofungwa kwa resini kabisa, lakini inayofunguka isitupwe kwa sababu ya beringi. Kumwagia mafuta ya kupikia au ya injini kupitia ufa wa shafti ni dawa ya wiki moja, kisha vumbi linashikamana kuliko awali.

Mahali ilipofungwa yuniti ya nje pia panahitaji kuangaliwa. Walioezeka lile tembe la Kwihara, ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, walijua kwamba jua la Unyamwezi huzuiwa kwa udongo mnene na kivuli. Sisi tunafunga mashine ya kutupa joto kwenye ukuta wa magharibi, chini ya bati, imebanwa na ukuta nyuma, halafu tunashangaa. Kanuni za kimataifa za mota hupima uwezo wake kwa mwinuko usiozidi mita 1,000. Tabora imepita hapo kidogo, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na upoozaji wa mota unapungua kiasi. Si sababu ya kuiua peke yake, lakini ni akiba iliyokwisha kupunguzwa, kwa hiyo usiipunguze tena kwa jua la saa tisa. Ipe kivuli, ipe nafasi, na koili ioshwe kwa maji ya presha ndogo mwanzoni mwa Agosti na tena kabla ya mvua. Kivuli cha mwembe ni kizuri, ila maua na majani yake yaondolewe.

Baada ya hayo yote, zamu ya mota inafika. Fundi azime breka, athibitishe kwa testa kwamba hakuna umeme, kisha aitoe chaji ya kapasita kwa balbu au rezista, si kwa bisibisi, maana kapasita huhifadhi umeme hata baada ya breka kuzimwa. Kwa mota ya kawaida ya waya tatu, apime omu kati ya kila jozi. Majibu mawili madogo yakijumlishwa yanapaswa kukaribia lile kubwa: kwa mfano 150 na 180, halafu 330. Jozi isiyosoma kitu imekatika, lakini asubiri mota ipoe kabisa kabla ya kusema hivyo, kwa sababu kinga ya joto iliyofunguka husoma vile vile. Kisha apime kati ya waya na mwili wa mota. Ikisoma chochote, waya umegusa chuma na mota hiyo ni hatari, itolewe siku hiyo hiyo. Hivi ndivyo mota inavyothibitishwa kufa, na fundi anayejua kazi yake atakuonyesha namba bila kukasirika.

Viyoyozi vya inveta vina sheria nyingine. Mota zao nyingi zina waya tano na bodi ndogo ndani, zinatumia umeme mnyoofu wa volti 300 na zaidi, na hazina kapasita ya kubadilisha. Kipimo cha omu nilichoeleza hakizihusu, na plagi ya mota ikichomolewa umeme ukiwa unapita, bodi inaweza kuungua. Hapo mwenye nyumba asome tu namba ya kosa inayojitokeza kwenye yuniti ya ndani, aipige picha, na amwachie aliyesomea.

Kuna watakaosema haya yote ni kumfundisha fundi kazi, na kwamba mwenye nyumba alipe tu. Sikubaliani. Kuandika saa, kusikiliza mngurumo na kupima volti si ufundi, ni kutoa maelezo, kama mgonjwa anavyomweleza daktari homa ilianza lini. Kufungua kifuniko ndiko kazi ya fundi, na kwa hilo nasimama upande wake: anayefanya kazi za umeme anatakiwa awe na leseni ya EWURA, na VETA inao utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Wengine wanasema, na hii ni hoja yenye nguvu zaidi, kwamba kumwita fundi mara mbili kutoka Tabora mjini, nauli na siku zake, kunagharimu kuliko kubadilisha mota na kapasita kwa mkupuo mmoja. Kwa mota iliyozeeka, yenye beringi zinazosaga, wana haki, na mota mpya ifungwe na kapasita mpya daima. Lakini kwa feni iliyokuwa ikizunguka vizuri wiki iliyopita hesabu haikubali. Mwambie fundi kwa simu kwamba inanguruma na inaondoka ikisukumwa, naye atakuja na kapasita mfukoni, safari moja. Na wapo wanaosema nunua kiyoyozi kipya. Kipya kitafungwa kwenye soketi ile ile yenye volti 180.

Ikibidi kununua mota, usiende dukani na jina la kiyoyozi pekee. Piga picha kibati cha mota ya zamani: wati, volti, kasi kwa dakika, thamani ya kapasita, na upande wa kuzunguka ukiitazama kutoka kwenye shafti. Pima kipenyo na urefu wa shafti. Mota inayozunguka upande usio wake, panga ikiwa ile ile, itapuliza hewa kinyume au isipulize kabisa, na dukani itaonekana sawa tu. Kuzungushia mota waya upya kunafaa kwa zile kubwa au zisizopatikana. Kwa hizi ndogo za feni mara nyingi gharama inakaribia ya mpya, na uimara unategemea mkono wa aliyeifunga.

Lililo la haraka kuliko yote linahusu usiku wa leo. Ukiona feni ya nje imesimama na kompresa bado inavuma, zima kiyoyozi kwenye breka na ukiache kimezimwa mpaka feni itengenezwe, hata kama chumba ni cha moto. Fungua dirisha, tumia pangaboi. Mota ya feni ni spea, lakini kompresa ikiungua umepoteza karibu nusu ya kiyoyozi, na Uyui nzima huwezi kuipata bila kuagiza.